Jodari wa Siku ya Saba

Sogeeni karibu. Jambo hili limenikaa kooni, na peke yangu nimeshindwa kulitoa.

Bi Kazija wa Pemba alikuwa na watoto watatu nyumbani, kila mmoja na chake. Mize alikuwa na ulimi: akionja mchuzi mara moja tu, anakwambia chumvi imetiwa kabla au baada ya nazi. Raya alikuwa na elimu: alifanya utafiti wa samaki wanaodhuru watu. Kombo hakuwa na ulimi wala elimu, ila hakujua kusitasita. Wenzake wakishauriana, yeye ameshatenda.

Mjukuu alipotimiza siku saba, nyumba ilifurika wageni. Jodari mzima alikuwa sandukuni, juu ya mifuko ya barafu. Bi Kazija akaona wageni watakunywa sharubati ya vuguvugu. Akaitoa mifuko yote, akazungushia ndoo za sharubati. Jodari akabaki kwenye joto tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha Mize akampika. Hakunuka hata kidogo.

Sinia la kwanza likapelekwa chumbani kwa mzazi, Time, binti wa Bi Kazija aliyeolewa na kurudi kwao kujifungua, kama ilivyo ada. Uani, Mize akaonja kilichobaki. Ulimi ukamwasha.

"Nani katia pilipili? Mie sijatia!"

Raya akashtuka. "Mama, barafu iko wapi?" Alipoambiwa, akapaza sauti. "Basi hiyo ni sumu! Jodari akikaa bila barafu sumu humwingia, na moto hauitoi, hata umchemshe hadi kesho."

Mwanamume haingii kwa mzazi wanawake wakiwa wamejaa. Kombo aliposikia hayo, aliingia. Time alikuwa na tonge mkononi, karibu na mdomo. Kombo akalipokonya, akalipiga sinia teke mbele ya wakwe wa Time. Wapo walioapa kutomwamkia tena.

Punde uso wa Mize ukawiva, moyo ukimwenda mbio kwa kijiko kimoja tu. Hakuna aliyebisha tena.

Bi Kazija akalia. "Barafu niliitoa mimi. Haki ya kumpa mjukuu jina ilikuwa yangu. Sasa aichukue aliyetuokoa."

"Bila ulimi wangu mngekula nyote," akasema Mize.

"Bila mimi ungeongeza tui ukapakua," akasema Raya.

"Nyinyi mlikuwa mkisemezana uani," akasema Kombo, "na tonge linakwenda mdomoni."

Wembe umeshapita kichwani mwa mtoto. Shekhe ameinama sikioni mwake mara mbili, na mara mbili ameinuka bila jina la kutaja. Time anawatazama watatu hao.

"Jamani, mwanangu anaitwa nani?"

Haya, semeni nyinyi: nani asogee amtajie shekhe jina?