Lenzi Isiyotakiwa Hata Bure

Riziki, mpiga picha wa juzi tu, aliingia dukani kwa Bwana Mbaruku kutafuta lenzi. Kwa huruma zake, tajiri huyo akamletea lenzi nene kama kinu, ya bei ya ng'ombe watatu.

“Chukua hii, au karudi kuuza maandazi.”

“Na hiyo ndogo yenye vumbi hapo rafuni?” Riziki aliuliza.

“Hiyo takataka? Haki ya Mungu, hata bure haichukuliki!” aliapa mbele ya wateja.

Riziki akaipangusa, akaichungulia. Kioo kilikuwa safi kabisa. Akaweka noti moja iliyochakaa mezani.

“Ya nini hii?”

“Ya takataka. Wanunuzi wenzangu huponda bidhaa wenyewe ili wapunguziwe bei. Mimi umenipondea wewe, tena kwa kiapo. Au niwaambie hawa umeapa uongo?”