Siku Kayaki Ilipokataa Kupanda

Mvunguni ni mahali pa chini, penye giza na vumbi. Anayetaka kitu kilichoingia huko hana budi kuinama, awe na cheo au asiwe nacho. Hiyo ndiyo maana ya methali yetu. Lakini fundi mmoja wa kushona sare za shule hakujua kwamba hata paa la gari huweza kumwinamisha mtu.

Asubuhi hiyo roho yake haikutulia. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaiacha nusu, akatoka nje, akarudi ndani kutafuta ufunguo alioushika mkononi. Chama cha makasia cha ziwani kilitafuta mwalimu wa watoto, na kila mwombaji alitakiwa kufika na chombo chake kabla geti halijafungwa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mbele ya cherehani huku moyo wake ukiwa majini. Leo akichelewa, basi tena.

Kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa rangi ya chungwa, ilikuwa imelala ubavuni mwa gari. Aliinua pua akaipandisha kwenye keria, vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa. Alipokimbilia mkia, pua ikateleza ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Safari hii iling'oa kioo cha pembeni, kikabaki kikining'inia kwa waya.

“Shoga, nikusaidie?” jirani yake aliuliza huku akianika nguo.

“Asante, nimezoea.”

“Haya. Gari lako, kioo chako.”

Kuzoea gani! Alizoea nusu tu. Siku zote kayaki, iwe yake au ya kaka yake, ilipandishwa na watu wawili: yeye mbele, kaka nyuma. Yeye alishika pua na kufunga kamba ya mbele. Kaka alibeba mkia na kusukuma. Hakuna aliyewahi kujishughulisha na upande wa mwenzake. Kisha siku moja, mezani kwa mama yao, kaka alitania, “Bila mimi, wewe hata uani hutoki na hiyo kayaki.” Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

“Siku nikikuhitaji,” alimwambia mbele ya wote, “nitakupigia magoti.”

Tangu hapo kila mmoja alibaki na kayaki yake na kinyongo chake.

Sasa alitoa simu mfukoni, akairudisha, akaitoa tena, akalizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Kumpigia kaka kulimuuma kuliko kile kioo. Lakini geti halingengoja kiburi chake kipoe. Akapiga.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba. Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Kayaki imenishinda. Yale maneno ya kwa mama, nisamehe. Unaweza kuja?”

“Niko kazini, mdogo wangu. Hata nikipaa sitawahi. Weka simu kwenye spika, tuipandishe wote.”

Akawasha spika, akaiweka simu chini, kaka akaanza kuelekeza.

“Itoe hapo ubavuni. Ilaze nyuma ya gari, pua ielekee buti. Tandika zulia kuukuu juu ya kioo cha nyuma, uegemeze pua hapo. Tayari? Nenda mkiani. Usiinue kwa mikono mitupu, utajivunja kiuno. Piga magoti, weka mkia begani, uinuke polepole huku unasukuma.”

“Nifanye nini?”

“Piga magoti.”

Kaka akaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka jirani akachungulia. Alipiga magoti kwenye changarawe, akaweka mkia begani, akainuka. Kayaki ikateleza juu ya zulia, ikapanda keria kama ng'ombe anayelijua zizi lake.

“Imepanda! Kaka, imepanda! Mbona hukuwahi kunifundisha?”

“Uliniuliza lini?”

Alikaza mikanda ya katikati, akafunga kamba ya nyuma na ya mbele. Simu bado ilikuwa hewani.

“Mdogo wangu,” kaka alisema kwa sauti ya chini, “hilo fundo lako la mbele unalifungaje?”

“Kwa nini?”

“Nikifunga mimi linafunguka. Mara ya mwisho kayaki iliniangukia kwenye boneti katikati ya barabara. Sijaitoa tena gerejini. Nimeona haya kukuuliza.”

Fundi alihisi uchungu na furaha kwa pamoja. Muda wote huo watu wawili wanaopenda maji walikuwa wamekaa nchi kavu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

“Jumapili nakuja kwako,” alisema akiwasha gari. “Nitakufundisha. Ila jiandae kupiga magoti.”

Alipofika ziwani, mlinzi alikuwa ameshaanza kuvuta geti. Alikitazama kioo kilichoning'inia, akayatazama na magoti ya fundi yaliyojaa vumbi.

“Dada, pole. Umeanguka?”

“Hapana,” fundi alijibu huku akipita. “Niliinama tu.”

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.