Mtungi wa Bi Mkasi na Mfalme wa Nge

Sogeeni, wanangu, mkeka ungali na nafasi.

Hapo kale jua liliwaka hata ardhi ikawa kama chungu cha kukaangia. Nge wakayakimbia mashimo yao, wakaingia majumbani kutafuta ubaridi chini ya mitungi ya maji. Kijiji kizima kikalia kwa uchungu wa miiba yao.

Mfalme wa Nge, mkubwa kama mbuzi, akamjia Bi Mkasi, mjane mwenye mtoto atambaaye.

“Mama, chini ya mtungi wako ndipo kwetu. Mtoto akitusogelea, tutamchoma.”

“Mgeni hafukuzwi. Lakini apa kwa niaba ya nge wote: mtaufuata mtungi huu?”

“Tutaufuata!”

“Hata juani?”

“Tutaufuata!”

“Hata nikiuhamisha?”

“Tutaufuata! Mwanamke una maneno wewe!”

Bi Mkasi akajitwika mtungi, akautua mbali bondeni, penye majabali. Kiapo kikawaburura nge wote, Mfalme wao akilaani njia nzima.

“Starehe, baba,” akamwambia. “Maji nitakuletea mwenyewe.”

Tangu hapo, joto lizidipo, hujazwa kwanza mtungi wa bondeni, ndipo wa nyumbani. Na mtoto yule alitambaa kila pembe hata akasimama, kijiji kikampigia mamaye vigelegele.

Hadithi naitua hapa, kama mtungi. Mwenye kiu na anywe.