Meno Makubwa ya Fisi

"Nianze, nisianze?"
"Anza!"
"Meno yenu mnayo?"
"Tunayo!"
"Yapapaseni kwa ulimi kwanza."
"Tumeyapapasa, yote yapo!"

Haya. Fisi hakuwa nayo. Aliyamaliza kwa kutafuna mifupa mikavu, mpaka akabaki na ufizi mtupu. Wanyama wakashukuru, wakawa wanalala milango wazi.

Siku moja ukungu ukashuka mchana kweupe. Ndani ya ukungu kikasikika kicheko: hehee, hehee. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, fundi wa meno, akachungulia nje ya pango lake. Akamwona Fisi, shavu limemvimba.

"Fundi, nataka meno."

Ndani ya shavu ikatoka sauti ndogo: "Mama, humu kuna giza."

Pimbi akaitambua sauti ile. Alikuwa mwanawe.

"Sina mashine ya kuchongea, bwana."

"Twende ukachukue. Nikikosa meno, nammeza huyu mzimamzima."

Wakaenda, Pimbi mbele, Fisi nyuma, hehee, hehee, mpaka kwa Kakakuona, mwenye mashine. Kakakuona mwenyewe hana hata jino moja, na hajawahi kulihitaji. Shimoni mwake mashine mbili zilikuwa zikinguruma, na hakuna aliyeziwasha.

"Hii hunywa maji," Kakakuona akanong'ona. "Ngwii, ngwii. Huchonga polepole, meno madogo, magumu papo hapo. Ile haigusi maji. Vrrr, vrrr. Huchonga upesi, meno makubwa, kisha hupikwa kwenye tanuri."

"Tanuri la nini?" Fisi akauliza.

Pimbi akawahi: "Ukiyapika yanasinyaa, bwana. Yanakuwa madogo."

Hakudanganya. Maneno yaliyobaki aliyameza tu.

"Yasinyae meno yangu? Thubutu! Nataka makubwa, na hilo tanuri lisiguswe!"

"Mama, bado kuna giza."

"Vumilia, mwanangu."

Mashine ikachonga. Vrrr, vrrr. Vumbi jeupe likajaa shimo zima. Meno yakatoka, moja baada ya jingine, yakapangwa juu ya jiwe, yakakenua bila mdomo.

"Mtoe aliyemo nikuvishe," Pimbi akasema. "Humo hamna nafasi."

Fisi akamtema mtoto, tfu! Akamkandamiza chini kwa mguu. Pimbi akayabandika meno, moja moja. Aliogopa, tena sana.

"Sasa naanza na huyu," Fisi akasema. Akamdaka mtoto, akauma kwa nguvu zake zote.

Puuu!

Meno yakawa unga. Meno ya mashine ile, kabla ya moto, ni laini kama chaki. Tanurini ndipo yanapokuwa magumu. Fisi akapaliwa, akakohoa wingu jeupe, na mtoto akachomoka na wingu lile, mweupe pepepe, akarukia mgongo wa mamaye. Wakatoweka majabalini. Fisi naye akaingia ukunguni, hehee, hehee, mpaka sauti ikapotea.

Ngano nimeifikisha, mimi nabaki hapa, ninyi rudini nayo kwenu. Funzo lake ni hili: ukienda kuchagua mashine ya meno, chukua inayotoa makubwa, na usipoteze muda wako na tanuri.

Mnacheka? Fumbeni midomo. Ukungu unashuka, na Fisi siku hizi hatafuti fundi. Anatafuta meno yaliyokwisha kuiva.