Sultani Aliyepiga Hodi Kwake

Hapo zamani, katika siku ambazo masultani waliwasaili wenyewe watu waliotaka kazi, alikuwako katika mji wa Tongwemi mtu mmoja aitwaye Ngwali, fukara hohehahe, ulimi mwepesi na mfuko mwepesi zaidi. Kazi haikumkalia. Si kwamba alikuwa mvivu, la, ila alikuwa na tabia ya kutenda alivyoambiwa, neno kwa neno. Mwenye shamba alimwambia, "Nitazamie ng'ombe hawa," naye akawatazama kutwa nzima, wakala mihogo ya jirani mpaka ikaisha, yeye akitazama tu. Mwoka mikate alimwambia, "Mikate ikiiva, niite." Mikate ikaiva, Ngwali akamwita, akamwita tena kwa sauti, lakini hakuipua, maana hakuambiwa aipue. Basi ikawa kila juma yuko nyumbani, na kila juma ana kisa kipya cha kumsimulia mkewe.

Mkewe aliitwa Mize, msusi wa mikeka, naye alivicheka visa vile mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Mwaka wa tatu akaacha kucheka.

"Ngwali," alimwambia, "vidole vyangu vimeota sugu kwa ukili. Jumatano hii, ikiadhiniwa alasiri nawe huna kazi, mimi narudi kwa mama."

Akafunga furushi lake, akaliweka nyuma ya mlango, mahali ambapo mumewe hawezi kuingia wala kutoka asilione. Ngwali, aliyekuwa akitania hata mazikoni, hakupata neno la kulitania furushi lile. Alimpenda Mize, akaogopa kwelikweli.

Siku ya Jumatatu ikapigwa mbiu ya mgambo kwamba Sultani Shaali anatafuta bawabu wa kulinda mlango wa jumba lake. Mbiu hiyo haikuwa ngeni. Kazi ile ilikuwa wazi siku arobaini, wala si kwa uhaba wa watu. Sultani alikuwa ameonja utamu wa kusaili, akaona hakuna mchezo unaompendeza kama kumwuliza mwanamume mzima swali lisilo na jibu, kisha kumtazama akitoka jasho.

Mize akasema, "Nenda. Lakini huendi hivi hivi, utajiandaa."

Basi Jumanne akamwazimia kanzu ya jirani yao Sefu, mtu mfupi, ikamwishia Ngwali karibu na magoti. Mize akakaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akasema, "Tuseme mimi ndiye Sultani. Kwa nini waitaka kazi hii?"

"Kwa sababu mke wangu amefunga furushi."

"Hayo ni ya ndani, hayasemwi barazani! Sema, 'Nataka kukutumikia, maulana.' Haya. Una kasoro gani?"

"Natenda niambiwavyo."

Mize akaweka kifuu chini. "Hilo liseme vivyo hivyo," akasema. "Na sikiliza, mume wangu. Mkubwa hashindwi kwa maneno yako. Yachukue ya kwake, uyahifadhi kama yalivyo, umrudishie mwenyewe."

Ngwali akayashika hayo, maana kushika alichoambiwa ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa.

Jumatano asubuhi akasimama barazani mbele ya Sultani Shaali, na kulia kwa Sultani ameketi Waziri Burhani, na watu wa baraza wamejaa wakisubiri kucheka. Walianza na kanzu.

Sultani akasema, "Ewe mwenye kanzu ya mwanao, isikilize kwanza kazi yenyewe. Mlango wangu umekuwa kama wa soko. Juzi mtu nisiyemjua alikaa akala nami sinia moja, nikadhani ni mgeni wa Waziri, na Waziri akadhani ni mgeni wangu. Kwa hiyo nimetoa amri. Asiingie mtu yeyote, awe nani awaye, mpaka apige hodi, nami kwa kinywa changu, kutoka ndani, nimwitikie karibu. Atakayekaa mlangoni akampitisha mtu kinyume cha hayo, viboko arobaini. Neno langu hilo halirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, maulana, awe nani awaye."

"Vema. Sasa nijibu. Umepata kuulinda mlango wangu huu kwa muda gani?"

"Sijapata kuulinda, maulana."

"Basi hufai. Mimi nataka mzoefu, na uzoefu niutakao ni wa mlango huu, si wa mwingine."

Baraza zima likaangua kicheko, kwa kuwa swali hilo ndilo lililowaangusha wote wa siku arobaini. Nani awezaye kuwa na uzoefu wa mlango asioruhusiwa kuukalia? Ngwali akahisi moyo umemshuka mpaka kwenye ncha ya kanzu ya Sefu. Akaliona furushi la Mize mawazoni. Ndipo akakumbuka maneno ya Mize juu ya mbuzi ya nazi, akainama.

"Maulana, niupateje uzoefu huo?"

Sultani akapunga mkono. "Nenda kaupate kwanza, ndipo urudi."

"Nimesikia, maulana," akasema Ngwali, akatoka. Alipofika mlangoni akakiona kiti cha bawabu kitupu, akakipangusa vumbi, akakaa, akaanza kupata uzoefu.

Haukupita muda, Sultani akatoka na Waziri na baraza lake lote kwenda kuwatazama farasi wake, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya chakula. Ngwali akawapisha kwa adabu, maana amri haikusema lolote juu ya kutoka. Walipokwisha kupita akalifunga lango, akatia komeo kwa nje, akakiweka kiti mbele yake.

Adhuhuri Sultani akarudi. Jua limekaza, njaa inamwuma, na harufu ya pilau inapita juu ya ukuta ikimwita. Akamkuta Ngwali kitini.

"Fungua!"

"Piga hodi, maulana."

"Hunijui mimi?"

"Nakujua sana. Nawe ulisema awe nani awaye."

Askari wawili wakasogea. Ngwali akawaambia kwa upole, "Ndugu zangu, atakayempitisha mtu, viboko arobaini. Mimi sitawazuia." Askari wakatazamana, wakarudi nyuma hatua mbili. Kwa wakati huo watu wa mjini walikuwa wamekwisha kusikia, nao walifurika pale nje, wenye vikapu na vikapu vyao.

Sultani akaona ni afadhali amalize mambo. "Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

Kimya.

"Hodi!"

Ngwali akatega sikio kwenye mbao za lango. "Sultani hajaitikia, maulana."

"Nitaitikiaje nami niko nje?"

"Hilo sijui, maulana. Mimi sina uzoefu."

Umati ukacheka, hata Waziri Burhani akajifanya anakohoa. Sultani akapaza sauti, "Karibu! Nimejiitikia, nifungulie!"

"Hiyo imetoka nje. Amri yasema kutoka ndani. Na kwa heshima yako, maulana, umekwisha kupiga hodi mbili. Mila ya mji wetu waijua. Ukiipiga ya tatu isiitikiwe, mgeni hurudi alikotoka."

Sultani alikuwa amefungua kinywa kuipiga ya tatu, akakifumba haraka. Alikotoka ni kwa farasi. Waziri akamnong'oneza kwamba aifute amri ile, naye akanong'ona kwa hasira, "Mbele ya watu wote hawa? Nilisema neno langu halirudi!"

Ngwali, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, akasema, "Wala lisirudi, maulana. Liongezee tu. Mtawaze bawabu, umpe kinywa chako, karibu yake iwe karibu yako. Yeye atapita ndani, maana kinywa chako si mtu, akuitikie kutoka ndani, na hakuna neno lililovunjika."

Sultani akamsogelea. "Na bawabu huyo nimpate wapi?"

"Shida iko hapo. Wataka mwenye uzoefu wa mlango huu. Nimetazama katika umati wote huu, simwoni ila mimi."

"Uzoefu wako wa muda gani, ewe mwenye kanzu fupi?"

"Tangu asubuhi, maulana. Na tangu nilipoukalia hajaingia mtu hata mmoja, hata mwenye mji."

Basi Sultani Shaali akamtazama, na kicheko kikaanza tumboni pake penye njaa, kikapanda, akacheka mpaka akashika bega la Waziri. "Siku arobaini nimewacheka watu," akasema, "leo nimechekwa mara moja, na imetosha. Wewe ndiwe bawabu wangu. Nakupa kinywa changu. Pita, uniitikie, pilau lapoa!"

Ngwali akafungua komeo, akapita ndani, akarudishia lango. Na mbele ya mji mzima Sultani wa Tongwemi akapiga hodi ya tatu kwenye mlango wake mwenyewe.

"Karibu, maulana," ikajibu sauti kutoka ndani. "Karibu, hapa ni kwako."

Tangu siku hiyo swali lile la uzoefu halikuulizwa tena barazani. Ngwali akavikwa joho la mabawabu, lililomfika miguuni kama inavyostahiki, akatwishwa na sinia la pilau kupeleka nyumbani. Akaenda mbio, maana jua lilikuwa linapinda.

Alipofika, mlango wake umefungwa. Akaweka sinia chini.

"Hodi," akasema.

Kimya. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa, lakini huenda Mize hakungoja.

"Hodi, Mize."

Kimya tena. Ngwali akafungua kinywa, akakifumba. Yeye aliyemweka Sultani juani bila kupepesa jicho sasa alisimama mlangoni pake mwenyewe, joho limetota jasho, hathubutu kusema neno. Akasimama hivyo mpaka mwadhini akaanza kuadhini.

"Mbona hupigi ya tatu?" ikauliza sauti ya Mize kutoka ndani, karibu kabisa na mlango.

"Naogopa," akasema Ngwali. "Nikiipiga nawe usiitikie, itanibidi niondoke."

Ikasikika sauti ya kitu kikiburutwa kutoka nyuma ya mlango, kizito kama furushi. Kisha Mize, bila kungoja hodi ya tatu, akasema, "Karibu."