Mlango wa Angani

Hapo zamani, katika mji wa Kitaruni, alikuwako Sultani aitwaye Shekuwe, aliyependa kujua mambo ya watu kuliko mambo ya dola. Fundi mmoja mgeni akamwundia tiara ya chuma isiyohitaji uzi, yenye jicho la kioo tumboni. Ikawa kila ilichokiona huko juu hutokea katika sahani ya kioo mbele ya Sultani. Basi tangu siku hiyo Sultani akajua nani kapika pweza, nani kagombana na mkewe, na nani anaanika shuka zilizotoboka.

Katika mji huo alikuwako mkwezi wa minazi, jina lake Ngwali, fukara asiye na kitu ila kamba ya kukwelea na nyumba ya udongo yenye ua. Humo alikaa na dada yake Mwantumu, aliyefiwa na mumewe naye yumo edani, asionwe na mwanamume wa nje mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Ua ule ndio uliokuwa dunia yake yote, na sasa tiara ilipita juu yake asubuhi na jioni.

"Kaka," akasema Mwantumu, akipepea moshi wa jiko alilokuwa ameliingiza chumbani, "leo siku ya tisa sijaota jua. Hata samaki wa ng'onda huanikwa juani. Mimi nakaushwa kwa moshi."

Ngwali akavaa kanzu yake ya pekee, akaenda barazani, akalalamika.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "tiara yangu imevunja mlango wako?"

"La, maulana."

"Imekanyaga kizingiti chako?"

"La, maulana. Haina miguu."

"Basi wanidai nini? Nyumba yako huishia ukuta unapoishia. Juu yake ni mbingu, na mbingu haina mlango nikapata kubisha hodi. Nionyeshe mlango wa angani, nami nitabisha. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, utahama mji kwa kunipotezea asubuhi."

Wazee wa baraza wakacheka sana, maana ilikuwa ni kazi yao. Ngwali akainama, akatoka.

Sasa, wakwezi wa Kitaruni walikuwa na desturi. Kabla ya kupanda, mkwezi husimama shinani, akapaza sauti mara tatu, "Mkwezi anapanda," kisha akangoja mpaka watu wa nyua za jirani wajistiri na mmoja wao ajibu, "Panda." Ngwali hakuwahi kuikosa kwa miaka ishirini. Lakini siku ya tatu akauendea mnazi ulio nje ya ukuta wa kasri, akapanda kimya kama paka.

Huko chini, katika ua wa ndani, Sultani alikuwa ameketi juu ya kigoda, kavaa shuka moja, hina imemjaa kichwani na ndevuni. Yaya aliyemlea, Bi Zamu, alikuwa akimsugua mgongo kwa dodoki.

"Inua kwapa," akasema Bi Zamu. "Hilo jingine. Mtu mzima huna hata haya."

Sultani akainua kwapa, akainua na macho, akamwona Ngwali kati ya makuti.

"Wewe," akasema, akiivuta shuka. "Nani kakuingiza humu?"

"Sikuingia, maulana. Nipo mbinguni."

"Mbona hukuita?"

"Niite wapi, bwana wangu? Mbingu haina mlango."

"Ungesimama shinani ukaita kama wakwezi wote, ukangoja ujibiwe."

"Ahsante, maulana," akasema Ngwali. "Siku tatu nimeutafuta mlango wa angani, kumbe uko chini, na bwana wangu mwenyewe ndiye aliyenionyesha."

Bi Zamu ndiye aliyeanza kucheka, hata dodoki likamponyoka. Sultani akataka kukasirika, lakini hina ikamchuruzikia mdomoni, naye akacheka pia.

Jioni ile mbiu ikapigwa: tiara isiruke juu ya nyumba ya mtu kabla mwenye kuirusha hajabisha hodi kwa miguu yake mwenyewe, akajibiwa. Kesho yake, kuijaribu sheria, waziri akatumwa nyumbani kwa Ngwali akiwa amebeba tiara kwapani. Akabisha mara tatu.

"Nani?" akauliza Mwantumu kutoka ndani.

"Tiara ya Sultani, bibi. Inaomba kupita juu."

"Iambie tumeisikia," akasema Mwantumu. "Irudi kwao."

Waziri akarudi. Naye Mwantumu akatoka uani, akatandika mkeka wa watu wawili, akakaa upande wake, akalielekezea jua uso.