Kitambi cha Chui

Hapo zamani za kale, na ninyi wa nyuma mnaotafuna mihogo tafuneni polepole, palikuwa na mlima wa majabali matupu. Kila mnyama wa mlima ule alilala jicho moja wazi. Walimwogopa Chui.

Kila baada ya mavuno, wanyama walishindana mieleka. Desturi yao ilikuwa hivi: mpiganaji kwanza abebe begani jiwe linalolingana na mwili wake, auzunguke uwanja, kisha ngoma ilie, ndipo washikane. Mgongo ukigusa chini, umeshindwa. Zamani aliyeshindwa alimsongea mshindi ugali, wakacheka, wakaenda zao. Chui alipohamia mlimani akaibadilisha sheria.

"Ugali wa nini?" alisema. "Anayeshindwa ndiye anayeliwa!"

Nani angembishia? Mwenye nguvu mpishe. Tena mpinzani alimchagua mwenyewe, na siku zote alimchagua aliyenona. Mwaka huo alimchagua Pimbi.

Mnamjua Pimbi? Kijinyama cha majabalini, hana mkia, mviringo kama chungu. Siku hiyo alikuwa mlangoni anatwanga, mara kivuli kikakifunika kinu. Moyo ukamdunda pu! pu! pu!

"Hodi," alisema Chui, naye keshaingia. Akamfinya Pimbi kiunoni. "Lo! Mafuta haya! Mwezi ukiandama tutakutana uwanjani. Na ukitoroka..." Akawageukia watoto waliojibanza nyuma ya mtungi, akalamba midomo. "Hawa nao si haba."

Mashavu, mkewe Pimbi, aliwakumbatia watoto wake.

Pimbi naye alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuthubutu kumtazama Chui usoni, kwa hiyo macho yakamwangukia tumboni. Ebo! Tumbo lenyewe lilikuwa linaning'inia, karibu lifagie sakafu. Na Chui alikuwa anahema, kisa kupanda kizingiti cha mlango tu.

"Bwana mkubwa," Pimbi akasema, meno yakigongana. "Nina neno, lakini naogopa kulisema."

"Sema!"

"Watu wanakicheka kitambi chako."

Mashavu akafumba macho.

"Nani anacheka?" Chui akanguruma, grrr!

"Wote, bwana. Mwaka jana ulipozunguka na jiwe, ulitweta mpaka mpiga ngoma akakungoja. Mimi wa kuliwa sina neno, ila ningependa niliwe na bingwa mwenye kiuno. Dawa ya kukata mafuta ninayo. Babu zangu walikuwa wapiga mieleka."

Chui akajitazama tumbo. Akalivuta ndani, likarudi lilipokuwa. "Dawa gani?"

"Asubuhi beba mawe. Jua likipanda, piga mieleka. Jioni, mawe tena. Kila siku, hakuna kupumzika. Na usile, bwana. Mafuta yako ndiyo yatakuwa chakula chako."

"Nisile kabisa?"

"Maji tu."

Chui akafikiri, kisha akacheka. "Vyema! Na wewe ndiye utakayenifundisha. Mieleka ya mazoezi nitapiga na wewe."

Hilo Pimbi hakulitegemea. Chui alipotoka, akakaa chini pu!

"Baba Siwema!" Mashavu akamjia juu. "Umemnyima chui chakula, halafu unakwenda kukumbatiana naye? Una akili kweli wewe?"

"Sina," akajibu Pimbi. "Nina hofu tu."

Lakini akaenda. Afanyeje, na watoto anao?

Sasa sikilizeni. Dawa ya kweli Pimbi aliijua, ila nusu yake aliiacha nyumbani. Yeye leo akinyanyua kinu, kesho hakigusi. Kesho ni mieleka. Siku za kinu alimwambia Chui apigane na gogo la mkuyu. Akitoka kazini alikula kunde akashiba, akalala fofofo. Mafuta yakaanza kumtoka kidogo kidogo, mabega yakajaa, na nguvu zikabaki palepale.

Chui yeye alibeba mawe, akapigana, akabeba mawe, akanywa maji. Kitambi kikaanza kuyeyuka. "Nitazame!" alikuwa akipiga kelele. "Nitazame kiuno!"

"Mashallah, bwana mkubwa," Pimbi alijibu, huku jasho jembamba likimtiririka. Maana kila mbavu za Chui zilivyojitokeza, ndivyo macho yake yalivyozidi kung'aa.

Siku moja wakiwa mazoezini, Chui alimwangusha, akamkalia, wala hakumwachia. Mate yakamdondoka Pimbi shingoni, to! to! to!

"Unanukia kunde," Chui akanong'ona.

"Bwana, mazoezi yamekwisha. Niachie."

"Sikio tu. Nipe sikio moja tu."

Pimbi alihisi meno. Akataka kupiga kelele, lakini nani angekuja? Akameza mate. "Kula, bwana mkubwa. Ila kitambi kitarudi chote leo leo. Na siku ya ngoma watasema, bingwa alishindwa na njaa."

Meno yakatetemeka. Yakabana, ncha ya sikio ikakatika. Pimbi akaona nyota mchana kweupe! Kisha Chui akamwachia, akaenda kuukumbatia mkuyu, akilia kwa njaa.

Pimbi alifika nyumbani na sikio fupi. Mashavu alilifunga kwa jani.

Mwezi ukaandama. Uwanja ukajaa, lakini kimya, kama matangani. Chui akaingia kwa maringo, tumbo limeingia mgongoni. "Mmekiona kiuno? Mwaka huu nani atacheka?"

Hakuna aliyecheka. Akalinyanyua jiwe lake, krrr! Miguu ikamtetemeka tetete. Akauzunguka uwanja akiyumba huku na huku. Pimbi naye akabeba lake, akazunguka, akalitua. Akamtazama Mashavu aliyesimama na watoto. Akaomba Mungu.

Kobe akapiga ngoma. Ndu! Ndu!

Chui akaruka. Alikuwa anaona Pimbi wawili, akamrukia yule asiyekuwepo! Pimbi akapita chini ya tumbo, tumbo lenyewe halipo tena la kumzuia, akalishika guu la nyuma, akampiga mtama. Puuu! Vumbi likatimka.

Kobe akainama, akachungulia. "Mgongo," akasema, "umegusa chini."

"Nimeteleza!" Chui akalia. Akajaribu kuinuka, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Ndiyo maana wahenga walisema, njaa mwana malegeza.

"Aliyeshindwa anafanywaje hapa?" Mashavu akauliza. Wanyama wote, wadogo kwa wakubwa, wakapiga hatua mbele. Machoni mwa Chui Pimbi akaiona hofu, na hofu ile aliijua vizuri, alikuwa amekaa nayo nyumbani.

"Msimguse," akasema. "Tunarudi kwenye desturi yetu. Chui, kuna unga, kuna sufuria. Songa ugali."

Chui akasonga, ngozi na mifupa, mvuke wa ugali ukimpanda puani, machozi yakidondoka jikoni. Alipoepua, alijikokota akashuka mlima, asionekane tena.

Pimbi akakata tonge. Akamlisha mwanawe Siwema kwanza, ndipo akala. Na hata leo sikio la pimbi ni fupi, na bado anasikiliza majabalini.

Yangu yameishia jikoni, nanyi shikeni hili: usimwombe dawa yule unayekusudia kumla.